Kimanda cha Uyoga kwa Bwana Vuillemin

Tangazo. Kwa moyo mzito, na kwa heshima zote zinazostahili, ndugu, jamaa na marafiki wanatangaziwa kifo cha Mahougnon Agbossou, mwanafunzi wa uhandisi wa saa mjini Besançon, mtoto wa tatu wa Mama Philomène Agbossou wa Bohicon, Benin. Alikuwa mpole, mcha Mungu, na hodari wa kupiga pasi. Amefariki Jumapili alasiri akiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Sababu ya kifo ni kimanda. Ameacha mama, dada wawili, mchumba asiyetambulika rasmi, na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Maua hayahitajiki. Uyoga ndiyo kabisa.

Tangazo hili alilitunga marehemu mwenyewe, kichwani, akiwa amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea katika nyumba ya watu, mlango ameukomea, simu mkononi, jasho linamtoka. Alikuwa hajafa. Ila aliona ni suala la muda, na mambo ya muda ndiyo aliyokuja kuyasomea Ufaransa.

"Gildas, upo?" aliandika.

"Nipo. Vipi kaka, Jumapili hupumziki?"

"Uyoga wenye kofia ya kijani, pete shingoni, na kifuko chini kama soksi. Ni upi huo?"

Gildas Houénou walisoma naye sekondari Bohicon, na sasa alikuwa Dijon akisomea ufamasia. Jibu lilirudi upesi kuliko kawaida yake.

"Usiuguse."

"Sijaugusa."

"Safi."

"Nadhani nimeula."

Vidoti vya mtu anayeandika vilitokea, vikapotea, vikatokea tena.

"Saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Sasa hivi ni saa nane na dakika arobaini."

"Umetapika?"

"Hapana. Najisikia mzima kabisa."

"Hilo ndilo baya. Uyoga mwingine ukikudhuru unakutapisha mapema, unajua moja. Huo unanyamaza. Unakaa muda wa saa sita, saa kumi, hata saa kumi na mbili. Tumbo likianza kuuma, ini limeshaanza kuharibika."

"Asante kwa kunifariji."

"Mahou, umekula peke yako?"

Nje ya mlango, upande wa chumba cha kulia, Apolline alikuwa anacheka. Baba yake naye alicheka, kicheko kizito kilichoonekana kutolewa stoo baada ya miaka mingi. Kijiko kiligonga kikombe. Bibi yao aliuliza kama kahawa imebaki.

"Hapana," aliandika Mahougnon. "Nimewapikia familia nzima."

"PIGA SIMU YA DHARURA SASA HIVI."

Aliigeuza simu, kioo kikatazama chini, akaiweka gotini kama mtu anayefunika chungu kinachochemka.

Huu si ujinga, ni hesabu, na hesabu yake ilikuwa hivi.

Kwa mwaka mzima Apolline Vuillemin alikuwa mpenzi wake. Walikutana kwenye meza ya maabara, wakigombea kibano kimoja cha kushikia skrubu ndogo kama chembe ya mchanga. Walikuwa wanakula pamoja katika mkahawa wa chuo, wanafua nguo katika mashine moja ili kubana matumizi, na Mahougnon alipougua mafua mwezi wa Februari, Apolline alilala siku tatu kwenye kiti ndani ya chumba chake cha mita tisa za mraba, miguu kitandani, kichwa mlangoni. Lakini kwao Apolline, kilomita arobaini juu milimani, Mahougnon alikuwa hajatajwa. Wakipiga simu, alitakiwa kunyamaza. Wakituma picha, alitakiwa kusogea pembeni.

"Baba yangu si mbaya," Apolline alimwambia. "Ni mgumu tu. Mpe muda."

"Muda gani? Mimi nasomea saa, Apolline. Nimekupa miezi kumi na mbili, na ninaweza kukuhesabia hadi sekunde."

"Basi njoo Jumapili. Lakini nitasema ni mwenzangu wa maabara. Akishakupenda, nitasema lililobaki."

"Na asiponipenda?"

Apolline alimwambia tu kwamba baba yake hathamini anayekuja na maua wala anayekuja na keki. Kuna mgeni mmoja aliwahi kuheshimiwa katika nyumba ile, alifika na kikapu cha uyoga aliouokota mwenyewe. Maana Bwana Régis Vuillemin, mtengeneza jibini, mtu wa maneno machache, alisifika kijiji kizima kwa uyoga. Alikuwa na mahali pake pa siri msituni. Hakuwahi kumwonyesha mtu, hata mama yake mzazi, hata binti zake. Mkewe alipoondoka kwenda kuishi Lyon, watu walisema aliondoka kwa hasira za kutoonyeshwa.

Mahougnon alifurahi kusikia habari za uyoga. Mama yake alikuwa anauokota kwenye vichuguu vya mchwa kila mvua za kwanza, na yeye tangu utotoni alibeba beseni nyuma yake. Uyoga anaujua. Jumamosi alfajiri alipanda basi hadi mwisho wa njia, akaingia msituni, akarudi na kikapu. Hakujiuliza kwa nini msitu mzima hauna kichuguu hata kimoja.

Kila mtu pale anajua kinachofuata: ukiokota uyoga, unapita kwa mfamasia. Anaumwaga juu ya kaunta, anachambua, mzuri huku, mbaya kule, hakuna malipo. Hata wazee waliozaliwa msituni wanapita. Mahougnon naye alikusudia kupita. Lakini mashine ya kufulia ya bweni ilikuwa imelibana shati lake jeupe na mlango hautaki kufunguka, na alipolikomboa na kukimbia hadi famasi, shata ya mlango ilikuwa imeshashushwa.

Asubuhi ya Jumapili, ndani ya gari, Apolline alimuuliza: "Umepitisha kwa mfamasia?"

"Nimepitisha."

Neno moja. Alilitoa kama mtu anavyosema "salama" akiulizwa habari za nyumbani.

Kwa hiyo akipiga simu ya dharura, ataeleza. Akieleza, Apolline atajua kwamba alimdanganya juu ya kitu kinachoingia tumboni mwa bibi yake. Na asipopiga, kabla jua la kesho halijachomoza, kuna maiti tano. Alishaviona vichwa vya habari: Mwanafunzi wa kigeni aangamiza familia kwa kimanda.

Mlango uligongwa.

"Shemeji? Umezama?"

Huyo alikuwa Zélie, mdogo wake Apolline, miaka kumi na sita, anayekaa bweni juma zima na kurudi nyumbani Ijumaa. Ni binti mtaratibu, mnyenyekevu, mwenye nywele nzuri kuliko za dada yake, na mambo yote mabaya yatakayosemwa juu yake katika kisa hiki yapokewe kwa tahadhari. Alikuwa ameligundua penzi lile zamani, kwa kusoma simu ya Apolline, na tangu wakae mezani alikuwa anamnong'oneza Mahougnon neno hilo moja. Shemeji, nipe chumvi. Shemeji, mkate. Kila likitamkwa, Mahougnon alimeza bila kutafuna.

"Natoka," alijibu.

"Umeona kitu kwenye ndoo ya maganda?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Umerudi kutoka nje umebadilika rangi, na wewe si mtu wa kubadilika rangi kirahisi."

Ni kweli. Baada ya kahawa bibi alimwomba awapelekee kuku maganda ya mboga. Alichukua ndoo mlangoni, akainama kumwaga, akauona. Katikati ya vipande vya uyoga alivyovikata asubuhi ulilala mguu mmoja mweupe, na nusu ya kofia ya kijani, na chini kifuko. Hakukumbuka kuukata. Lakini asubuhi alikata vingi, kwa haraka, na baba mtu amesimama nyuma yake. Aliupiga picha bila kuugusa, akalinganisha na picha za kwenye simu. Pacha. Kama umetoka kitabuni.

Alifungua mlango wa bafu, akapita jikoni, akarudi uani kuuangalia tena, kama mtu anayerudia kusoma barua ya kufukuzwa. Ndoo ilikuwa palepale. Kando yake, chini ya mti wa matofaa, kuku mmoja mwekundu alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, jicho limefumba.

"Mungu wangu," alisema Mahougnon. "Ameanza kuku."

Alipiga hatua moja. Kuku alifumbua jicho, akamwangalia kwa dharau, akajirushia vumbi mgongoni, akaendelea kuoga. Mahougnon alijishika magoti. Machozi yalimtoka, hakujua ni ya kicheko au ya nini.

Simu ililia. Mama.

"Mahougnon. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Sauti yako ina nini?"

"Baridi tu."

"Umekula nini?"

"Uyoga. Nimeokota mwenyewe. Nimewapikia wenyeji."

Mama Philomène alicheka kwa furaha hadi simu ikakwaruza. "Mwanangu! Ndiyo maana nilikuwa nakubebesha beseni. Na ulionja kwanza wewe, kabla hujawapakulia?"

"Nilionja."

"Vizuri. Na uliwaonyesha wenyeji? Maana huko si kwetu. Mimi mwenyewe nilipoolewa kule kaskazini nilikaa miaka miwili kabla sijathubutu kuokota. Uliwaonyesha?"

Angeweza kudanganya. Alishadanganya mara moja siku ile, na lilitoka laini. Lakini huyu alikuwa mama yake, na pengine ndiyo mara ya mwisho.

"Hapana, mama. Sikuwaonyesha."

Pikipiki ilipita kule Bohicon, mbali.

"Kuna mtu anaumwa?"

"Bado."

"Basi unafanya nini na simu yangu sikioni? Kata. Kawaambie. Mahougnon! Kawaambie sasa hivi, ukiona aibu uione ukiwa unaongea."

Alikata.

Chumba cha kulia kilikuwa na joto. Bwana Vuillemin alikuwa anakata jibini lake mwenyewe, vipande vyembamba, na akamnyooshea mgeni kimoja juu ya ncha ya kisu. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

"Keti, kijana," alisema. "Kimanda kile... Sisemi sana. Nimerudia mara tatu."

"Bwana Vuillemin," alisema Mahougnon akiwa amesimama. "Sikuupeleka kwa mfamasia."

Apolline aliacha kucheka, lakini tabasamu lilikawia usoni kama mgeni asiyejua pa kuaga.

"Nini?"

"Uyoga. Famasi ilikuwa imefungwa. Na kuna mmoja kwenye ndoo, wenye kifuko. Nimemuuliza rafiki yangu anayesomea ufamasia. Anasema tupige simu sasa hivi."

"Uliniambia umepitisha," alisema Apolline.

"Nilikuambia hivyo."

"Nilikuuliza. Kwenye gari. Nilikuuliza, Mahou!"

"Uliniuliza. Nikadanganya."

Kisu cha jibini kilishuka mezani taratibu sana. Bwana Vuillemin hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Mahougnon kuliko yote. Aliinuka, akaenda kwenye simu ya ukutani, akabonyeza namba mbili. Watu walisikia upande wake tu.

"Watu watano... Saa saba... Hapana, hakuna anayetapika... Mmoja ana miaka themanini na tatu." Alisikiliza. "Kifuko, ndiyo... Sawa. Sawa, daktari."

Alirudisha mkono wa simu mahali pake.

"Tusisubiri tumbo liume. Twende hospitali wote. Famasi ya zamu iko njiani, tupite na maganda wayatazame, ili hospitali wajue wanapambana na nini. Mama, chukua koti."

"Kwa nini?" aliuliza bibi Odile. "Nikifa nitasikia baridi?"

"Mama!"

"Nachukua."

Zélie alikuwa amebadilika rangi. Alikuwa na rangi ya unga.

Walipanda gari moja. Bwana Vuillemin usukani, bibi pembeni yake, ndoo ya maganda katikati ya miguu ya bibi. Nyuma, Apolline dirishani upande mmoja, Zélie katikati, Mahougnon upande wa pili. Barabara ilishuka kwa kona, misonobari pande zote, ukungu umeanza kukaa mabondeni.

Zélie alianza kutetemeka. Ilianza mabegani, ikashuka mikononi.

"Unasikia tumbo?" aliuliza Apolline kwa hofu.

"Hapana," alisema Zélie, meno yakigongana. "Ni kweli hukupitisha? Hata kidogo? Hata mtu mmoja hakuutazama?"

"Hata mmoja," alisema Mahougnon. Akamshika mkono. "Usiogope. Wewe ulikula kidogo, nilikuona. Na wewe ni mdogo, una nguvu. Nitazame. Pumua na mimi. Moja... mbili..."

Apolline aliuona mkono ule. Akageuza uso dirishani, kisha akaurudisha.

"Unajua kinachoniuma?" alisema. "Si uyoga. Ni kwamba ulisema kirahisi vile. 'Nimepitisha.' Nikajiuliza ni mangapi mengine umeyapitisha."

"Mengine hakuna."

"Nitajuaje?"

"Utajua kwa sababu leo ningeweza kunyamaza, na nimesema. Nilikuwa naogopa kufeli, Apolline. Mwaka mzima nimekuwa mtu wa kusogea pembeni kwenye picha. Nikasema, siku moja tu, nisifike mikono mitupu. Shata ilikuwa chini. Ningefika na nini?"

"Ungefika na ukweli!"

"Kama wewe? 'Mwenzangu wa maabara'?"

Gari lilipita kona. Kwenye kioo cha dereva yalionekana macho ya Bwana Vuillemin.

"Apolline," alisema baba. "Anasema nini huyu?"

Apolline alifuta uso kwa kiganja. "Baba, si mwenzangu wa maabara. Ni mwenzangu wa maabara pia. Lakini nampenda. Tuna mwaka mzima. Nilitaka kukuambia baada ya kahawa, halafu nikaogopa, nikasema baada ya jibini. Sasa kama tunakufa, tufe unajua. Nataka kuolewa na huyu. Hata kama ni mwongo na hajui uyoga."

"Uyoga naujua," alisema Mahougnon kwa sauti ndogo. "Wa kwetu."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza."

Bibi Odile aligeuka kwenye kiti chake, akamtazama Mahougnon kwa muda mrefu. "Niliona mezani," alisema. "Mwenzako wa maabara humwondolei maganda ya mkate."

Bwana Vuillemin alipunguza mwendo.

"Kama ni siku ya kusema," alianza, akakohoa. "Kama ni siku ya kusema, na mimi niseme. Sina mahali."

"Mahali gani?" aliuliza Apolline.

"Pa uyoga. Msituni. Sina. Sijawahi kuwa napo." Alikuwa anaiambia barabara. "Kila Alhamisi nikipeleka jibini sokoni, kuna mama mmoja ananiuzia. Naupaka matope nikifika kwenye daraja. Miaka ishirini na miwili."

Maganda yalichezacheza ndani ya ndoo.

"Nilijua," alisema bibi. "Matope yale si ya msituni. Na baba yako alikuwa hivyohivyo, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa anaongeza na majani."

"Mama! Na hukusema?"

"Ulikuwa unarudi umefurahi."

Bwana Vuillemin aliangalia tena kwenye kioo, mara hii akimtafuta Mahougnon.

"Kijana. Wewe kweli uliingia msituni?"

"Niliingia, bwana. Saa kumi na mbili asubuhi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Nilipotea mara mbili."

"Hm," alisema Bwana Vuillemin. Akakanyaga mafuta.

Famasi ya zamu ilikuwa imefungwa milango, na dirisha dogo tu lenye kengele likiwaka taa. Mfamasia, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alipoona watu watano na ndoo, aliwafungulia mlango bila kuuliza. Alitandaza gazeti kwenye kaunta, akavaa glavu, akamwaga.

Alichambua taratibu. Kipande hiki kushoto, kile kulia. Alinusa. Alivunja. Aliweka mbele ya taa. Mahougnon aliitazama saa ya ukutani juu ya kichwa chake, saa kumi na dakika nne, na kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo aliichukia saa. Apolline alikuwa amesimama nyuma yake. Hakumgusa. Kisha akamgusa, kidole kimoja tu, kwenye mkunjo wa kiwiko.

"Huu mzuri," alisema mfamasia. "Huu mzuri. Huu mzuri sana, nani kauokota? Huu mzuri. Huu hapa..." Alisimama. Watu watano walisimama naye. "Huu hauui. Lakini aliyekula mwingi asikae mbali na choo."

Bwana Vuillemin alifungua kifungo cha koti.

"Na huu?" aliuliza Mahougnon. "Wa kijani. Wenye kifuko."

Mfamasia aliuchukua. Aliugeuza. Alivua miwani, akaivaa tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mfamasia aliyewahi kulifanya kwa uyoga ule: aliugonga kwenye kaunta.

Tok. Tok. Tok.

"Huu," alisema, "hata mngeula wote, mngevunjika meno tu. Ni plasta. Imepakwa rangi vizuri, nakiri." Aliufuta matope chini kwa kidole gumba, akasoma: "'Maabara ya Biolojia. Sanamu namba 14. Usiondoe.'"

Mahougnon alikaa chini sakafuni, palepale, kati ya mizani na dawa za kikohozi. Apolline alipiga magoti mbele yake, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akawa anacheka na kulia na kumpiga begani, kwa zamu.

"Ukinidanganya tena..."

"Sitakudanganya."

"Hata kama famasi imefungwa!"

"Hata kama famasi imefungwa. Na wewe?"

"Mwambie mama yako ninamsalimu," alisema Apolline. "Mwambie ni nani anamsalimu."

Aliitoa simu, akaandika kwa vidole vinavyoteleza: "Mama, wazima wote. Anakusalimu Apolline, mchumba wangu." Jibu lilirudi kabla hajainuka: "Mungu ni mwema. Kimanda kilikuwa kitamu?"

Bwana Vuillemin alikohoa juu yao. "Jumapili ijayo utakuja," alimwambia Mahougnon. "Utaingia msituni, na mimi utanichukua. Nataka kuona panakuwaje." Kisha akaligeuza shingo lake nene, polepole, kama mlango wa ghala.

"Zélie."

Na hapa msimulizi angependa kuwashukuru wasomaji kwa uvumilivu wao, kuwatakia afya njema, na kumaliza. Kisa kimekwisha, wachumba wamepatana, wazee wameridhia. Sanamu ile ingeweza kuletwa na yeyote. Upepo, kwa mfano.

"Zélie," alirudia baba. "Shule yako ina maabara ya biolojia?"

Sawa. Zélie ni mimi.

Niliichukua Ijumaa, ndani ya soksi, na Jumapili nikaitia kwenye ndoo ya maganda. Ulikuwa uwe utani wa dakika mbili: shemeji aone, ashtuke, nitokee nyuma ya banda la kuku na kupiga makofi. Lakini alikimbilia bafuni na kujifungia, na alipotoka akaenda kusema lile neno, kwamba hakupitisha. Hapo nilielewa kwamba uyoga wangu ni wa uongo, na ule uliomo tumboni mwetu ni wa kweli, na hakuna mtu aliyeutazama. Nikisema plasta, baba atageuza gari. Akigeuza gari, hatutafika kwa mfamasia. Kwa hiyo nilinyamaza kwa ajili ya usalama wa familia. Nilijitetea hivyo kwenye kaunta, na bado naona ni utetezi mzuri, ingawa baba hakuuona.

Adhabu ya baba ni banda la kuku hadi Krismasi. Adhabu ya shule haijaamuliwa. Adhabu ya Mahougnon ni hii mnayoisoma: alinikalisha mezani, akanisimulia kila alichokiwaza tangu kwenye beseni la kuogea, na kunitaka nikiandike chote bila kujipendelea. Ameipitia. Alikata sifa zangu nne. Ya nywele alisema niiache, nisije nikatoka mikono mitupu.

Akaniuliza kama kuna jambo sijaliandika. Nikasema hakuna.

Lipo. Ndani ya gari, nilipokuwa natetemeka, mtu pekee aliyejua kwamba yule aliyetutisha ni mimi alikuwa mimi. Na yeye, aliyeamini ametuua wote, aliacha hofu yake akashika mkono wangu, akanihesabia pumzi, moja, mbili, hadi famasi. Nilimwacha ahesabu. Hilo ndilo kosa langu, shemeji. Mengine yote yalikuwa plasta.